Marehemu Hapokei Simu

Nchi ninayoisimulia hapa haipo, na yeyote atakayeona inafanana na ya kwake aifute miwani yake kwanza. Ina rais, ina bendera, ina mawaziri wengi kuliko wizara, na nje kidogo ya mji wake mkuu kuna kilima kilichokuwa zamani shamba la mihogo la watu wasiojua thamani ya mandhari. Siku hizi juu ya kilima hicho kuna kijiji kinachoitwa Staha. Mimi ni mkazi wa Staha. Silisemi hili kwa majivuno. Tumeelekezwa kulisema kila tunapopata nafasi.

Watu wa Staha ni watu waliochoshwa na mji. Baada ya kufaidi kila kilichokuwamo mjini, waliona sasa roho zao zinatamani maisha ya kijijini, wakaja kuyajenga. Tuna kisima katikati ya uwanja, hakina maji lakini kina taa za rangi. Tuna mbuzi watatu wa saruji, wametulia mno. Tulikuwa na jogoo wa kweli pia, ila aliwika kabla ya watu kuamka, akafukuzwa kwa azimio, na tangu hapo jogoo wetu huwika kwenye spika saa ambayo kila mtu yuko macho na amekunywa kahawa yake. Moshi hauruhusiwi. Dagaa hawaruhusiwi, wala wabichi wala wakavu, hata kwa mgonjwa aliyewatamani.

Kutembea kwa miguu hakujakatazwa, ila anayetembea hudhaniwa ni mfanyakazi wa mtu. Jaji mmoja mstaafu alitoka jioni kunyoosha miguu, akakamatwa na walinzi kona ya pili. Alijieleza kwa lugha tatu, moja ikiwa Kilatini, na hakuna aliyemwamini mpaka mkewe alipokuja na gari. Jaji akakaa kiti cha nyuma, akashusha kioo, na walinzi wakampigia saluti papo hapo.

Nyumba zetu zina majina ya ndege, na sisi hujuana kwa majina hayo. Jirani yangu ni Korongo. Uso wake sijawahi kuuona kwa sababu ya ukuta, lakini gari lake nalijua vizuri na siku lilipogongwa nilisikitika sana. Juu kabisa, penye upepo, iko nyumba inayoitwa Tai, anakoishi Mwenyekiti wetu wa Kamati ya Staha, Mheshimiwa Balozi Mstaafu Dokta Anselmi Kwilasa. Aliwahi kuiwakilisha nchi yetu katika taifa la kisiwani ambalo baadaye lilizama, na hadi leo husema uhusiano kati ya nchi hizi mbili haujawahi kuwa mbaya.

Sasa niwaeleze juu ya mashine ya getini, maana ndiyo iliyotufikisha hapa.

Kwa muda mrefu Staha ilisumbuliwa na adui mmoja. Msidhani ni jambazi. Jambazi huingia, hufanya kazi yake, huondoka. Adui wetu alikuwa ndugu. Ndugu huja na begi. Huja na kuku aliyefungwa miguu, huja na mtoto wa kusomeshwa, huja na kikohozi cha kutafutiwa daktari, na akishaketi kwenye sofa huanza kumwita mwenye nyumba kwa jina lake la utotoni mbele ya wageni. Na walinzi walikuwa hawana msaada. Ukimwuliza ndugu yeye ni nani, anakutajia ukoo mzima hadi unajikuta umemfungulia.

Kamati ikaagiza mashine. Anayefika getini hupigwa picha, kisha mashine humpigia simu mwenye nyumba na kumuuliza kwa sauti ya kike yenye adabu: "Mwenye nyumba, je, unamtambua mtu huyu?" Mwenye nyumba akijibu namtambua, geti linafunguka. Akijibu simtambui, halifunguki. Jibu huhifadhiwa milele pamoja na picha. Na ili wake na watumishi wenye huruma wasituharibie mpango, kila nyumba ilisajiliwa sauti moja tu, ya mwenye nyumba. Kilichoachwa kipite bila kuulizwa ni gari la taka, kwa hoja kwamba taka za watu wenye staha hazipaswi kungojeshwa.

Mashine ilizinduliwa na Waziri wa Makazi Yenye Staha. Alikata utepe kwa mkasi wa dhahabu, akakohoa, akasema maneno ambayo mpaka leo yamechorwa kwenye bamba pembeni ya geti: "Wakoloni walitupigia mipaka bila kutuuliza. Leo, kwa akili yetu na kwa fedha zetu, tunajipigia wenyewe." Tulipiga makofi kwa ncha za vidole, kama tulivyofundishwa. Mwenyekiti alitokwa na chozi, akaliacha lishuke kwa sababu kamera zilikuwa zinachukua.

Wa kwanza kuitumia mashine hiyo kwa ushujaa alikuwa mwenye nyumba ya Tausi, Bwana Shomari Ndauka, mkurugenzi wa shirika la umma linaloagiza nguzo za miti kutoka ng'ambo kwa ajili ya nchi iliyojaa misitu. Bwana Shomari hakuwa amezaliwa mbali. Alizaliwa Kisimachongo, palepale chini ya kilima, kwenye kijiji ambacho tungekiona madirishani kama ukuta usingekuwa mrefu. Wale wenye shamba la mihogo ndio watu wa kijiji hicho.

Siku hiyo alikuwa amemwalika Mwenyekiti na wajumbe kunywa chai. Nami nilikuwepo, nimekaa karibu na mlango. Vikombe vilikuwa vidogo, mazungumzo yalikuwa juu ya ukoka, mara simu ya mwenyeji ikaita, kioo cha ukutani kilichounganishwa nayo kikawaka na sauti yenye adabu ikauliza swali lake. Kwenye kioo alionekana mwanamke mzee mwenye vumbi miguuni na kapu kichwani. Alikuwa anaitazama kamera kama anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, anatabasamu.

Bwana Shomari alitazama kioo, akawatazama wageni wake. Akasema, "Simtambui. Mwambieni nimesafiri."

Hakuna aliyeuliza kwa nini mtu asiyetambulikana aarifiwe kwamba umesafiri. Mwenyekiti aliweka kikombe chini na kumshika mkono. Mwezi uliofuata Bwana Shomari alivalishwa Nishani ya Staha, Daraja la Pili, kwa kuweka maslahi ya kijiji mbele ya damu yake, na wengi wetu tuliona wivu, kwa sababu mama zetu sisi walikuwa mbali mno kuweza kutusaidia kupata nishani.

Getini siku ile alikuwepo Nikodemu, askari wetu wa zamu ya mchana. Mashine ilimpa jibu kwenye kifaa chake cha sikioni, si hadharani, na yeye alimwambia yule mama kwamba mwenyewe amesafiri. Bibi Zamoyoni, ndilo jina lake, alisema basi akirudi mpe salamu, mwambie nilikuja kumwona tu, sina shida. Akaacha kapu na kushuka kilima. Alikuja tena baada ya mavuno, na tena mwezi wa Ramadhani, na kila mara Nikodemu alikuwa na safari mpya ya kumpa Bwana Shomari. Kule Kisimachongo Bibi Zamoyoni aliwaeleza watu kwa fahari kwamba mwanawe anatumwa na serikali nchi hadi nchi, hapumziki, maskini.

Basi, asubuhi moja ya Ijumaa Bwana Shomari alifariki. Alikuwa kwenye ile mashine inayokutembeza bila kukufikisha popote, amevaa suruali ya mazoezi, moyo ukasimama na mashine ikaendelea. Mkewe, Bi Rukia, alimkuta chini. Alipiga yowe, na yowe lilikuwa bado halijaisha wakati ujumbe ulipoingia kwenye kundi letu la simu kutoka kwa Korongo, akikumbusha kwa heshima kwamba sauti zinazotoka Tausi zimevuka kiwango cha asubuhi.

Bi Rukia hakuusoma. Aliketi sakafuni karibu na mumewe, akatafuta kwenye simu yake mtu wa kumwita. Alipitia majina ya wakazi, nyumba kwa nyumba, ndege kwa ndege. Alikuwa na namba ya anayesafisha bwawa la Korongo. Alikuwa na namba ya daktari wa mbwa. Mwishowe akampigia mtu wa Kisimachongo, binamu wa marehemu, ambaye mara ya mwisho walizungumza siku ya harusi. Binamu hakuuliza kwa nini hakupigiwa miaka yote hiyo. Alisema tu, "Tunakuja, shemeji. Usimwache peke yake."

Na wakaja. Jua lilikuwa halijapanda sana walipofika getini, wanaume wamebeba jeneza la msikiti mabegani, wanawake wana mikeka, sufuria na ndoo za maji, watu wazima kwa vijana, wengine wametoka shambani na majembe yao. Bibi Zamoyoni alikuwa mbele. Hakuwa analia. Alikuwa na haraka, kama aliyeitwa na mtoto aliyeanguka, na alipofika alimwambia Nikodemu, "Leo yupo, baba. Nifungulie."

Nikodemu alibonyeza kitufe.

Simu iliita ndani ya mfuko wa suruali ya marehemu. Bi Rukia aliitoa, akaipokea. Mashine ikamuuliza kama anamtambua mtu huyu. Akasema anamtambua, ni mama mkwe wake, na wote walio nyuma yake waruhusiwe. Mashine ikamjibu kwamba sauti haijatambuliwa, tafadhali ampe simu mwenye nyumba. Bi Rukia akasema mwenye nyumba amekufa.

"Asante," mashine ikasema. "Tutampigia tena baadaye."

Na kweli ilikuwa inampigia. Kila Nikodemu alipobonyeza, simu iliita pale sakafuni, mlio wa ngoma za harusi aliouchagua marehemu mwenyewe, na Bi Rukia akawa anaziba masikio.

Kamati ilikutana kwa dharura, yaani kila mjumbe alibaki kwake na kushika simu. Kwanza zilitolewa rambirambi. Mwenyekiti aliandika kwamba Staha imepoteza nguzo. Wa nyumba ya Kwale aliandika kwamba daima atamkumbuka marehemu kwa ukoka wake, ambao ulikuwa umekatwa kwa usawa wa kupendeza. Wa nyumba ya Njiwa aliweka picha ya mikono iliyofumbatwa. Korongo aliuliza, kwa masikitiko makubwa, kama marehemu ndiye yule mwenye gari jeupe au yule mwingine. Ikakubaliwa ni yule mwenye gari jeupe. Kisha wote wakasema wangefika wenyewe kumfariji mjane isipokuwa wana majukumu, kwa hiyo kila mmoja atatuma dereva.

Bi Rukia alitoka akaenda kwa miguu hadi Tai. Walinzi walimsimamisha kona mbili wakidhani ni msichana wa kazi, maana alikuwa na kanga na hana viatu. Mwenyekiti hakumfungulia, kwa sababu Bi Rukia pia alipaswa kutambuliwa, na Mwenyekiti mwenyewe alidai yuko maliwatoni. Alizungumza naye kupitia kitundu cha ukutani.

"Shemeji, pole sana," sauti ya Mwenyekiti ilisema. "Huu ni msiba wetu sote."

"Mzee, naomba geti lifunguliwe. Mama yake yuko nje. Tunatakiwa tumzike leo."

"Geti si langu, shemeji. Geti ni la utaratibu."

"Basi nisajilini mimi. Mimi ndiye mwenye nyumba sasa."

Mwenyekiti alimsifu kwa wazo hilo. Alimweleza kwamba kubadilisha sauti ya nyumba ni jambo jepesi kabisa, lina kipengele chake, na kinachohitajika ni sauti ya zamani kuithibitisha ile mpya. Bi Rukia akamkumbusha kwamba sauti ya zamani iko sakafuni haipumui. Mwenyekiti akahema. Alisema hapo ndipo penye ugumu, na ndiyo sababu kanuni inamtaka kila mkazi atoe taarifa kabla ya kutokuwepo. Marehemu alikuwa mtu makini, Kamati haikutegemea angeifanyia hivi.

Bi Rukia alirudi kwake. Alimfunika mumewe shuka jeupe, akafungulia kiyoyozi mpaka mwisho, na akakaa pale akimfukuzia nzi ambao, nadhani, waliingia bila kutambuliwa.

Nje, wanawake wa Kisimachongo walitandika mikeka kando ya ukuta, penye kivuli cha maua yetu, wakaanza kulia. Walilia kama watu wanaojua kulia, mmoja akichoka mwingine anapokea. Sauti ilipanda kilima chote. Nilisikia madirisha yakifungwa nyumba hadi nyumba. Kamati ikatoa tangazo kwamba Staha haina kinyongo na kilio, inaomba tu kiwe ndani ya nyumba, na kwa kuwa waliaji hawawezi kuingia ndani ya nyumba, basi wasilie. Muda mfupi baadaye bomba za kumwagilia maua zikafunguka na kuwalowesha wote, mikeka na sufuria na Bibi Zamoyoni mwenyewe. Tuliambiwa bomba zina ratiba yake. Sijawahi kuziona zikimwaga mchana, lakini mimi si mtu wa kuzitilia shaka bomba.

Walihamisha mikeka juani, wakaendelea.

Ilipofika adhuhuri Mwenyekiti alipata wazo, akashuka na gari hadi getini kulitekeleza mwenyewe, amevaa suti nyeusi na skafu ya rangi za taifa. Madereva waliotumwa walikuwa wamejipanga kando, na sisi wachache tulioweza kupata sababu ya kupita pale tulikuwa ndani ya magari yetu, vioo vimepanda. Mwenyekiti alisimama ndani ya geti, waombolezaji wakiwa nje, akawahutubia kupitia nondo.

"Ndugu zangu wa jirani," alisema, "Staha si kijiji cha watu wasio na utu. Sauti ya marehemu imehifadhiwa. Kama aliwahi hata mara moja kumtambua yeyote kati yenu, mashine itakumbuka, na geti litafunguka mbele yake kana kwamba marehemu mwenyewe amelifungua. Hii ndiyo faida ya maendeleo."

Nikodemu alisema haraka kwamba haifai. Alisema mashine ina hitilafu, joto limezidi, tungoje. Mwenyekiti alimwambia asimame kando. Akamwita Bibi Zamoyoni asogee mbele ya kamera, na Bibi akasogea, akakaza kanga yake iliyolowa, akainua uso na kutabasamu kidogo kama alivyotabasamu siku zile nyingine. Mwenyekiti akabonyeza, safari hii kwa spika kubwa, ili wote washuhudie.

Mashine ilitafuta. Kisha sauti ya Bwana Shomari ikatoka, safi, hai, na nyuma yake vijiko vikigonga vikombe.

"Simtambui. Mwambieni nimesafiri."

Kilio kilikatika. Hata watoto waliokuwa wanacheza na ndoo waliacha. Nilikuwa nimekaa kwenye gari langu lenye viti vya ngozi, na niseme wazi, wakati ule niliwachukia watu wote wa kilima kile, na niliyemchukia kuliko wote ni yule aliyekuwa kwenye kioo changu cha kujitazamia.

Bibi Zamoyoni alikuwa bado ameinua uso. Aligeuka polepole kwa Nikodemu, na Nikodemu akatazama viatu vyake. Kisha Bibi akairudia kamera.

"Irudieni," alisema.

Mwenyekiti alidhani hasikii vizuri. Alianza kumfafanulia kwa sauti ya juu, neno moja moja, kwamba kwa bahati mbaya jibu la marehemu ni la kukataa.

"Nimesikia alichosema. Sina sauti yake nyingine. Irudieni."

Walirudia. Bibi Zamoyoni alisikiliza amefumba macho, mkono umeshika nondo. Sauti ilipokwisha alitikisa kichwa taratibu.

"Ndiye," alisema. "Alikuwa na mafua siku hiyo." Akaisogelea kamera mpaka pumzi yake ikatia ukungu kioo chake. "Wewe humtambui mtu huyu. Haya. Mimi namtambua. Nipeni mwanangu."

Mashine ikamjibu kwamba sauti haijatambuliwa.

Hapo Mwenyekiti alipaswa kujisikia vibaya, na pengine alijisikia, lakini kwanza alitutazama sisi kwenye magari na kutuonyesha dole gumba. Mashine haikuwa na hitilafu hata kidogo. Mfumo ulifanya kazi.

Ni katika kuduwaa huko ndipo gari la taka lilipowasili. Ilikuwa Ijumaa, siku yake. Lilipiga kona kwa mlio wake uleule, geti likajifungua lenyewe kwa heshima zote, likapita katikati ya waombolezaji, na geti likajifunga kabla hata mmoja wao hajafikisha mguu. Mwenyekiti alilisindikiza kwa macho. Niliona wazo likimwingia usoni.

Azimio lilipitishwa kwenye kundi la simu kabla gari halijafika kona ya kwanza. Lilisema kwamba, kwa kuwa waombolezaji hawawezi kumfikia marehemu, marehemu atawafikia waombolezaji; kwamba atatoka kwa chombo pekee ambacho kanuni zinakiruhusu kupita bila mwenye nyumba kuulizwa; kwamba chombo kitapuliziwa manukato ya mawaridi; na kwamba huu ni ushahidi kuwa Staha hupata ufumbuzi. Kura zote zilikuwa za ndiyo. Njiwa aliweka tena ile picha ya mikono.

Bi Rukia alipoambiwa alikataa. Alisimama mlangoni na kusema hatampandisha mume wake humo, afadhali wamzike chini ya ukoka. Lakini ujumbe ulitoka getini, ukapita kwa Nikodemu hadi kwa dereva wa gari la taka hadi kwake. Ulikuwa wa mama mkwe. Ulisema: mlete na chochote kinachotembea, mwanangu, sisi hatutazami gari.

Madereva waliotumwa kuwawakilisha mabosi wao ndio waliombeba. Walimlaza juu ya godoro lake na shuka lake jeupe, wakaweka matawi ya mwarobaini pande zote, na wale wapakiaji wa taka wakavua kofia zao na kukaa pembeni wamelishika godoro lisiteleze. Bi Rukia alipanda naye. Gari liliteremka polepole mitaa ya Staha, mbele ya Kwale, mbele ya Njiwa, mbele ya nyumba yangu. Mapazia yalisogea kidogo, yakatulia. Nishani ya Daraja la Pili ilibaki ukutani, kwenye fremu.

Geti lilijifungua. Nje, wanaume walilishusha jeneza mbele ya gari, wakampokea, na Bibi Zamoyoni akafunua shuka, akamtazama mwanawe usoni. Alimfuta kitu kwenye paji la uso kwa ncha ya kanga. Kisha akasema twendeni, na wote wakashuka kilima wamembeba, wakipokezana mabega kila hatua chache, wengi kiasi kwamba wa mbele walikuwa wanakaribia msikiti huku wa nyuma wanapita bado mbele ya bamba la Waziri. Madereva wetu walifuata. Waliagizwa kuwakilisha, wakawakilisha. Jioni ile Staha nzima haikuwa na wa kuiendesha.

Niliambiwa Bi Rukia hajarudi. Tausi inauzwa. Tangazo limetaja ukoka.

Kamati ilikaa kutafakari, na haikukosa funzo. Ilitambua kwamba kosa lilikuwa la marehemu kutojiandaa. Ikatunga kanuni mpya: kila mkazi, akiwa hai na mwenye afya, atapita getini na kuitajia mashine watu watakaoruhusiwa kuingia kumzika. Mashine itawapigia waliotajwa, nao wathibitishe. Ikapangwa siku, tukaja sote na magari yetu, foleni ikaanzia getini ikapinda hadi kwenye mbuzi wa saruji. Mwenyekiti alikuwa wa kwanza, kama inavyostahili. Alishusha kioo, akarekebisha skafu.

"Mwenye nyumba," mashine ilisema kwa adabu, "mtaje atakayekuzika."

"Mheshimiwa Waziri wa Makazi Yenye Staha," alisema Mwenyekiti kwa sauti ya kibalozi.

Mashine ikapiga. Tukasikia simu ikiita, ikapokelewa, swali likaulizwa. Ikapita kimya kifupi, kama cha mtu aliyeshika kikombe na ana wageni.

"Simtambui," ilisema sauti ya Waziri. "Mwambieni nimesafiri."

"Mtaje mwingine," mashine ikasema.

Mwenyekiti alitazama mbele, akatazama kwenye kioo cha pembeni, sisi tulio nyuma yake, Kwale na Njiwa na Korongo, na sidhani kama alimjua hata mmoja wetu kwa jina. Mimi nilikuwa gari la tano. Nilianza kuhesabu wa kwangu kwenye vidole, nikaurudisha mkono kwenye usukani.

"Mtaje mwingine," mashine ikarudia.

Jua lilisogea. Chini huko Kisimachongo palikuwa na harufu ya pilau ya arobaini ya Bwana Shomari. Foleni haikusogea, na hakuna aliyepiga honi, kwa sababu honi hairuhusiwi.